Jina Moja, Nyimbo Mbili



Muhula huu yalifanyika mashindano ya maswali baina ya mabweni. Msichana mmoja wa bweni letu aliulizwa, "Ni nani mwimbaji wa 'Malaika'?" Akajibu upesi, "Nyashinski." Ukumbi ukacheka, naye akanyimwa alama. Akaketi machozi yakimlengalenga. Mimi nasema kwamba hakukosa. Lililokosa ni swali.

Maana "Malaika" si wimbo mmoja. Uko ule wa zamani ambao wazazi wetu waujua, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya katika miaka ya 1960. Wimbo huo huo uliimbwa pia na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na baadaye na kundi la Boney M. Hata juu ya mtunzi wake watu hubishana: wako wamtajao Fadhili, na wako wamtajao Adam Salim. Kisha mwaka 2017 Nyashinski, naye Mkenya, alitoa "Malaika" yake, yenye maneno mengine na sauti nyingine.

"Hakuna Matata" nayo ni vivyo hivyo. Maneno hayo yamo katika "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa wa mwaka 1982. Mwaka 1983 Boney M wakatoa "Jambo – Hakuna Matata". Mwaka 1994 ikaja senema ya The Lion King, na ndani yake wimbo mwingine kabisa uitwao "Hakuna Matata", sauti yake ya Elton John na maneno ya Tim Rice.

Wako wenzangu wasemao kwamba kutumia jina la wimbo wa mwingine ni wizi. Sikubaliani nao. Neno "malaika" li kinywani mwa kila mama abembelezaye mtoto. Ni nani awezaye kulifungia sandukuni? Ndiyo sababu watu wengi walinung'unika mwaka 2018, waliposikia kwamba kampuni ya Disney imeandikisha "Hakuna Matata" huko Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo. Hakuna aliyekatazwa kuyasema maneno hayo, lakini wengi waliona kama wameuziwa maji ya kisima chao wenyewe.

Hata hivyo, jina likiwa la wote, kazi ina mwenyewe. Hapa Usukumani kina Kulwa na Doto ni wengi, maana ndiyo majina ya mapacha. Mwalimu akiita "Kulwa!" huinuka watatu, hana budi kutaja na jina la baba. Na kule Geita, mchimbaji mwenye busara apelekapo mawe kwenye karasha huitia alama mifuko yake. Kwa macho mawe yote hufanana, lakini dhahabu iliyomo si sawa, na jasho lililoyatoa duarani si la mtu mmoja.

Basi, ombi langu kwa walimu na viongozi wetu wa wanafunzi ni dogo. Katika matangazo ya senema, orodha za nyimbo za sherehe, na maswali ya mashindano, yaandikwe mambo matatu: jina la kazi, jina la mwenye kazi, na mwaka. Haigharimu hata senti moja, na kila aliyetoa jasho atapata heshima yake.

Na yule msichana apewe alama yake.