Soka kwenye runinga: picha ni moja, ila si wote wanaoiona

Februari 7, 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya CAN dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Léopards walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani mfano wa bunduki. Walipinga mauaji mashariki mwa DRC.

Ishara hiyo ilizunguka dunia kwa sababu kamera ziliionyesha. Katika mashindano makubwa, runinga nyingi hupokea picha zilezile za mwandalizi, kisha kila nchi huongeza watangazaji wake. Hao wanaweza kuieleza ishara ama kuinyamazia.

Tofauti kubwa zaidi ni malipo. Nchini Uingereza, sheria ya 1996 inalinda mechi zote za Kombe la Dunia zionyeshwe kwenye runinga zisizo za kulipia. Nchini Ufaransa, amri ya 2004 inalinda mechi za timu ya taifa. Kwa upande wa Goma ama Bukavu, asiye na dekoda wala umeme hutegemea redio, ama runinga ya jirani.

Hivyo Léopards wanapousemea mashariki, mkaaji wa mashariki anaweza kuwa wa mwisho kuwaona.