Kuni za bure, bure ya nani?

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi na baadhi yenu mmeuliza nimepotelea wapi. Nilikuwa Lusu, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kwa shangazi yangu. Nimerudi na malengelenge matatu kiganjani na hasira ambayo nimeona niitoe leo kabla haijapoa.

Malengelenge ni ya shoka. Hasira ina historia yake, ngoja nianze nayo.

Siku za nyuma nilitumwa kuandika habari za semina moja ya mazingira, kwenye hoteli ya mjini yenye kiyoyozi kikali mpaka tukakaa na makoti. Mtoa mada mmoja akasema adui mkubwa wa misitu yetu ni mwanamke wa kijijini anayekwenda kuni, kwa sababu kuni anazipata bure na kitu cha bure hakina uchungu. Ukumbi ukatikisa vichwa kukubali. Nami nikaandika. Habari ikatoka hivyohivyo na mhariri akanipa hongera. Sikumuuliza yule bwana swali hata moja! Mchana tukala kuku wa kuchoma, na nilipokuwa natafuta maegesho nikapita nyuma ya jiko la hoteli, nikaona magunia ya mkaa yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Hata hilo halikunishtua. Waandishi wa habari tuna macho ya ajabu, yanaona kilichoandikwa kwenye ratiba tu.

Sasa twende Lusu.

Shangazi anakwenda kuni mara tatu kwa wiki. Siku ya pili ya ugeni wangu nikasema nami niende. Akacheka. "Wewe mtu wa kompyuta utaweza, mwanangu?" Tukatoka alfajiri, tukiwaitikia wa njiani "mwangaluka, mwangaluka", yeye mbele na shoka begani, kamba kiunoni na khanga kuukuu ya kutengenezea ngata. Anasema alipoolewa pale kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, chungu kikiwa jikoni unatoka, unaokota, unarudi kabla hakijachemka. Siku hizi safari nzima, kwenda, kusenya, kufunga na kurudi, inakula saa 5. Nilipima kwa simu yangu.

Nataka mjue anavyochagua, maana kule kwenye semina tuliambiwa "wanakata ovyo". Anaanza na matawi yaliyoanguka. Anaugonga ukuni kwa kichwa cha shoka. Ukilia kikavu anachukua, ukinyamaza anauacha, ndani kuna mchwa. Mti mbichi haugusi. Na sababu yake wala si mapenzi ya mazingira, ni akili ya kawaida: mti mbichi ni mzito, ndani yake kuna maji, ukiutia motoni unatoa moshi na machozi lakini ugali hauivi. Mkwaju haukati hata ukiwa umekauka nusu, kwa sababu nusu iliyobaki inazaa. Adui wa misitu huyo.

Mzigo wangu ulikuwa nusu ya wake. Niliuweka chini mara nne. Kufika nyumbani shingo ilikuwa haigeuki.

Halafu kuna kuchanja. Magogo manene huletwa kwa baiskeli na binamu yangu, akijisikia. Nikapewa shoka. Jamani, nimesoma hadi chuo kikuu lakini gogo la mgunga lilinishinda mbele ya watoto! Nilikuwa nalipiga katikati kwa nguvu zangu zote, shoka linanasa, nalivuta kama mtu anang'oa jino. Shangazi akaja akaligeuza gogo, akatafuta ufa mdogo pale mwisho ambao mimi sikuuona, akapiga mara mbili kwa wepesi, likafunguka kama kitabu. Umri wake ni miaka 61.

Mnaoishi Dar mtaniuliza kuni nyingi hivyo za nini kwa ugali wa watu sita. Si ugali peke yake. Unyamwezi uko kwenye uwanda wa mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipupwe kinakata masikio. Nyumba haina joto lingine ila moto. Jioni magogo yale manene huwekwa uani, watu wakazunguka kuota. Ndiyo shikome yenyewe, ambayo wazee wetu wa Kinyamwezi na Kisukuma waliifanya shule: hadithi, mashauri, makaripio, yote motoni. Na hata kabla ya hapo, fikirieni misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, mamia ya watu, kila usiku kambi, kila kambi mioto. Speke alipotoka Kazeh mwaka 1858 kwenda kuliona ziwa, alipita nchi hizi za kaskazini mwa Tabora na wapagazi ambao wasingeishi wiki bila kuni. Vitabu vimewataja wapagazi kwa pembe walizobeba. Aliyewasenyea kuni hayumo.

Turudi kwenye neno "bure". Saa 5 mara 3 ni saa 15 kwa wiki. Kwa mwaka ni saa 780. Ukigawa kwa saa 8 za kazi unapata siku 97 na nusu. Tufanye kibarua ni shilingi 5,000 kwa siku, hapo tayari ni shilingi 487,500, bado hujalipa shingo wala mgongo wala macho. Hizo ndizo kuni za bure. Anayezila bure ni yule anayekaa akingoja sahani, na hapo najitaja mimi, binamu yangu wa baiskeli, na wanaume wote wa ukoo wetu.

Kwa hiyo nauliza tena swali nililopaswa kuuliza pale semina: nani anamaliza miti ya Tabora?

Panda gari nenda Urambo, Kaliua, Sikonge. Uliza tumbaku inakaushwaje. Tumbaku ya mvuke inaingizwa kwenye bani, chini unakokwa moto, na moto huo hauzimwi usiku na mchana kwa karibu wiki nzima, kwa kila bani, kwa msimu mzima. Bani halili vijiti vilivyookotwa. Linataka magogo manene, na magogo manene ni miti iliyosimama. Tabora imekuwa mkoa wa tumbaku tangu mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ardhi ile ikatafutiwa zao lingine. Wakulima siku hizi wanatakiwa kupanda miti na kutumia mabani yanayobana matumizi ya kuni, na wapo wanaofanya hivyo, simtukani mkulima. Lakini jani hilo likiisha kukauka linakwenda kuvutwa mbali na Kaliua, na fedha za kigeni zinahesabiwa bila kuutaja mti.

Halafu sisi wa mjini. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nchi ilikuwa inatumia kama tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Kupata kilo 1 ya mkaa kwenye tanuri la udongo unateketeza kilo kati ya 5 na 10 za mti, kutegemea ufundi wa mchomaji. Mti mbichi huo, umekatwa kwa shoka au msumeno. Mwanzoni mwa 2006 serikali iliwahi kupiga marufuku mkaa. Mnakumbuka ilidumu muda gani? Wiki chache tu, mji ukalia, marufuku ikayeyuka. Mwanamke wa Lusu akizuiwa kuni hakuna gazeti linalolia. Najua, nafanya kazi gazetini.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Safari ya pili, tukiwa tunarudi, askari mmoja wa misitu alitusimamisha barabarani. Akaukagua mzigo, matawi makavu matupu, akasema tumetoka sehemu isiyoruhusiwa. Shangazi akapiga magoti kusalimia, akaeleza. Yule kijana, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akachukua shoka. Hakuandika stakabadhi yoyote. Wakati tunabishana likapita lori limejaa magunia ya mkaa, dereva akaonyesha karatasi, akapungiwa mkono apite. Huenda karatasi zilikuwa halali kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Aliyeua mti ulio hai ana risiti. Aliyeokota tawi lililokufa ni mwizi.

Sasa kuna watakaosema namtetea shangazi kwa sababu ya damu, na kwamba kuni ni mbaya hata zikiwa kavu. Kweli, ni mbaya. Niliingia jikoni kwake nikatoka nakohoa baada ya dakika kumi, yeye amekaa humo miaka arobaini na macho yake ni mekundu daima. Serikali yetu yenyewe inataja vifo 33,000 hivi kwa mwaka vinavyotokana na nishati chafu ya kupikia, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Sitaki shangazi afe jikoni ili nipate la kuandika kuhusu utamaduni.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mwezi huohuo Rais Samia alikuwa Paris kwenye mkutano wa dunia wa jambo hilohilo. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Vizuri sana. (Shule niliyosoma mimi, kila Ijumaa ulikuja na ukuni au ukala fimbo, kwa hiyo agizo hili nalipenda kwa sababu binafsi.) Lakini shangazi ana mtungi wa gesi wa kilo 6! Alipewa siku ya sherehe moja, akapigwa picha. Mtungi uko chumbani umefunikwa kitambaa. Gesi iliisha mwezi wa kwanza, na kuujaza tena ni zaidi ya shilingi 20,000 ambazo hazipati kwa pamoja isipokuwa wakati wa kuuza mpunga. Tumempa mtungi tukamnyima gesi, kisha tunashangaa anarudi porini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya katikati ipo na ni ya kwetu. Jirani hapo Shinyanga, nchi iliyokuwa imebaki jangwa, mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 na haukuleta ujuzi kutoka mbali. Uliwauliza wazee, wazee wakasema ngitili: tenga eneo, lifunge, mifugo isiingie msimu wa mvua, miti itajiotea yenyewe. Imerudi maelfu kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi ile ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Nzega nao wanaijua ngitili vizuri. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Kijiji kikiwa na msitu wake, kitaamua chenyewe nani aokote nini na siku gani, na askari atajua shoka lipi la kukamata. Na jiko banifu la udongo, linalojengwa kwa mikono kwa siku moja, lingempunguzia shangazi safari tatu zikawa mbili. Hilo nalo halina sherehe wala mpiga picha.

Ile habari yangu ya semina nimeisoma tena jana usiku. Haina jina la mwanamke hata mmoja, ina majina manne ya wakubwa na jina la hoteli. Nimemwambia mhariri nataka kuandika nyingine, amesema nimletee pendekezo.

Shoka bado halijarudishwa. Shangazi ameazima la jirani, na analipa kwa kumletea jirani ukuni mmoja katika kila mzigo. Jumatatu narudi Nzega kuuliza liliko, nikiwa na kitambulisho cha kazi, na safari hii nitadai stakabadhi.