Usiache Dawa kwa Kuwa Umepata Nafuu

Kuhara damu si jambo geni kijijini. Ukihara damu, jirani atakuambia una amiba. Mwingine atasema una kichocho cha tumbo. Mara nyingi wanasema kweli. Unakwenda zahanati, unapimwa choo, unapewa dawa, unapona. Lakini leo, ndugu msomaji, tumzungumzie mtu anayehara damu, anapewa dawa, na haponi.

Mimi ni mganga wa zahanati. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Huku kwetu kwenye pamba kuna baba mmoja, mkulima, mwenye watoto wanne. Alikuja kwangu akasema anahara, choo kina damu na makamasi, tumbo linamsokota. Nilimpa dawa ya amiba. Baada ya mwezi alirudi. Nilimpa tena. Mara ya tatu nilimpa dawa ya kichocho, na ya amiba juu yake. Kila mara alipata nafuu kidogo, nami nilifurahi. Kumbe nafuu ile haikutoka kwenye dawa zangu. Ugonjwa wake una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe. Miezi minane ilipita hivyo. Nilipomwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa, alikuwa amekonda sana, na ameuza ng'ombe wawili. Mmoja ulikwenda kwenye nauli na vipimo. Wa pili ulikwenda kwa mganga wa kienyeji.

Huko hospitali walimwingiza mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa. Waliutazama utumbo kwa ndani. Walichukua vipande vidogo sana vya nyama yake wakavipima. Si kila hospitali ya wilaya inayo kipimo hiki. Hufanyika katika hospitali kubwa, kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Waliona ana vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao madaktari huuita kolaitisi. Wakampa vidonge vya aina mbili, karatasi, na tarehe ya kurudi. Alifika nyumbani na neno moja tu kichwani: "Daktari amesema hauponi."

Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili aliisahau njiani, au hakuambiwa vizuri. Nayo ni hii: ugonjwa huu hauishi, lakini hutulizwa. Ukitulizwa, mtu analima, anazaa, anasafiri, anazeeka.

Kwanza tuujue. Watu husikia "vidonda" wakafikiri ni vidonda vya tumbo, vile vinavyochoma chini ya kifua mtu akiwa na njaa. Hivi si hivyo. Hivi viko chini, katika utumbo mpana, mahali ambapo choo hutengenezwa. Una ndugu yake uitwao ugonjwa wa Krohni. Huo unaweza kushika mahali popote tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Yote miwili hutokea pale askari wa mwili, wanaopigana na vijidudu, wanapokosea na kuushambulia utumbo wenyewe. Kwa nini wanakosea? Wataalamu wanaona mambo kadhaa yakishirikiana, pamoja na urithi wa ukoo. Hauambukizi. Mke hawezi kuupata kwa mume, wala mtoto kwa kula sahani moja na baba yake.

Wala si uchawi, wala si ugonjwa wa juzi. Daktari mmoja wa London aliandika juu ya kolaitisi mwaka 1859. Madaktari watatu wa New York waliandika juu ya ule wa pili mwaka 1932, na mmoja wao ndiye Crohn, ambaye jina lake lilibaki.

Sasa turudi kwa baba yetu. Alikunywa vidonge vyake. Baada ya wiki chache damu ilikoma. Mwezi wa pili alianza kunenepa. Nyumbani walifurahi, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Shemeji yake alimwuliza, "Umepona, unakunywa dawa za nini tena?" Mama mkwe akasema vidonge vingi vinaharibu ini. Mavuno ya pamba yalikuwa yamefika, fedha ya nauli haikuwepo, na tarehe ya kliniki ikapita. Akaacha dawa zote mbili siku moja.

Haikufika wiki tatu. Alihara damu usiku kucha, akawa hana nguvu za kusimama. Walimpakia kwenye pikipiki, kijana mmoja amemshika kwa nyuma. Hospitali walimwongezea damu chupa mbili. Alipona kifo kwa bahati.

Simlaumu shemeji. Aliuliza swali ambalo sote tunaliuliza: utapona lini? Malaria imetufundisha hivyo. Dozi ikiisha, ugonjwa umekwisha. Lakini nasema swali hilo ndilo lililokaribia kumwua. Mbona tumekwisha jifunza jambo jingine? Kila kijiji kina mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu. Kila kijiji kina watu wanaokunywa dawa za VVU kila siku, wana nguvu, wanalima, na hakuna tena anayewauliza wataacha lini. Tulichukua miaka mingi kulielewa hilo. Basi tusichukue miaka mingine mingi kwa mtu mwenye ugonjwa wa utumbo, kwa sababu tu ugonjwa wake unahusu choo na tunaona haya kuutaja.

Nitaeleza dawa mbili alizopewa, kwa kuwa wengi hupewa hizo. Ya kwanza ni prednisoloni. Hii huzima moto haraka. Huleta njaa, uso huweza kuvimba, na sukari ya mwili huweza kupanda. Kwa hiyo daktari hukupa kwa muda, kisha huipunguza kidogo kidogo. Usiiache ghafla hata siku moja. Juu ya figo zako kuna tezi ndogo zinazotengeneza dawa ya namna hiyo mwilini. Ukinywa vidonge wiki nyingi, tezi hizo hulala. Ukiviacha ghafla, mwili hubaki mtupu, nawe unaweza kuanguka. Tena dawa hii hupunguza nguvu za wale askari. Mwambie daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu, au kama nyumbani yuko anayekohoa muda mrefu. Mwulize pia juu ya minyoo, maana iko aina inayoweza kuwa hatari kwa anayetumia dawa hii.

Ya pili ni salfasalazini. Hii haizimi moto haraka, kazi yake ni kuulinda utumbo usiwake tena. Ndiyo inayonywewa mtu akiwa mzima, na ndiyo inayoachwa kwa urahisi. Hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Usiogope, si damu. Kama salfa hukutoa vipele, sema mapema. Kwa mwanamume, hupunguza mbegu za uzazi, lakini zinarudi dawa ikibadilishwa. Hayo mwambie daktari, usiyamalize mwenyewe kwa kuitupa dawa chooni. Mama naye anaweza kuzaa. Afadhali ashike mimba ugonjwa ukiwa umetulia, na azungumze na daktari kabla, kwani dawa nyingine huendelea na nyingine hazifai kabisa kwa mimba.

Kichwa kikiuma au mgongo ukichoka kwa jembe, nywa paresitamo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa dukani kama pipi, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Sigara nayo humzidishia mwenye ugonjwa wa Krohni.

Na chakula? Hapa watu husema mengi, na mengi si kweli. Chakula hakikuleta ugonjwa huu, na hakuna chakula kinachouponya. Nimeona mgonjwa aliyekatazwa na ndugu zake nyama, maziwa, samaki na mafuta, akabaki na uji wa chumvi. Mtu anayepoteza damu anahitaji kula vizuri kuliko sisi. Siku za maumivu, ale vitu laini: uji, wali, ndizi za kupika, viazi, mayai, samaki. Mahindi ya kuchoma na maharage yenye maganda ayaache kwanza. Akitulia, ajaribu kimoja kimoja. Akihara sana, atengenezewe maji ya sukari na chumvi: maji yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai.

Hapa kisomo chako kina kazi. Chukua daftari. Kila jioni andika tarehe, umekwenda choo mara ngapi, umeona damu au hukuona, umekunywa dawa au hukunywa, na chakula kilichokusumbua. Mistari miwili inatosha. Daktari wa hospitali kubwa ana watu wengi mlangoni. Ukimwambia "naumwa tumbo" atakusikia kama wengine. Ukimpa daftari atasoma miezi mitatu kwa dakika moja. Andika na maswali yako humo, na uende na mtu wa nyumbani, mke au kaka, asikie mwenyewe.

Jamaa wa nyumbani wana kazi yao pia. Choo kiwe karibu, chenye mlango na maji. Usiku awe na taa na ndoo, bila kuchekwa. Tukiwa katika kazi za kijiji, mwenyekiti ampe upande ulio karibu na nyumba, wala asimwite mvivu anapotoka mbio. Uchovu wake ni wa kweli, mara nyingi damu imepungua. Na asiyejua haja ya mtu huyu kwenye basi ni dereva, kwa hiyo amwambie kabla ya safari. Nasikia madereva wengi huelewa, ingawa si wote.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akienda choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, akiwa na homa au moyo ukimwenda mbio. Hali kadhalika tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika bila kukoma, au akizimia. Na mwenye vidonda vya utumbo mpana, hata kama hana dalili, baada ya miaka 8 tangu aanze kuugua arudishwe kwenye kipimo cha kamera kutazamwa saratani mapema. Wako wanaofikia kupasuliwa. Hiyo nayo si hukumu ya kifo, wengi hurudi kwenye kazi zao.

Mimi nimebadili kazi yangu kwa jambo moja. Mtu akihara damu kupita wiki nne baada ya dawa zangu, siandiki tena dawa ile ile. Naandika barua ya rufaa.

Yule baba alipita zahanati wiki iliyopita kuchukua vidonge vya kuongeza damu. Alikuwa na daftari lake mfukoni, lile la madarasa ya jioni, kurasa za mbele hesabu, kurasa za nyuma ugonjwa. Mwezi uliopita una siku tatu tu zenye alama ya damu. Shemeji yake ndiye aliyemleta kwa baiskeli, na ndiye aliyeniuliza tarehe ya kliniki ijayo.