KARATASI YA MKONGE NA ARDHI YA WANANCHI

Wachina wa kale walitengeneza karatasi kwa nyuzi za mabua ya mbangi, na nchi kadhaa zaendelea kufanya hivyo. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 imeukataza mmea huo. Lakini hatuna haja nao, kwani tunao mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893.

Nyuzi za mkonge ni imara. Zikichemshwa kwa dawa kali na kupondwa mpaka ziwe rojo, hutoa karatasi isiyochanika upesi, kama ile ya vichujio na ya vifuko vya majani ya chai. Udongo mweupe wa kaolini, unaolainisha uso wa karatasi, umejaa katika vilima vya Pugu, Kisarawe. Kibaha nayo ina viwanda na barabara kuu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyuzi zetu twaiuza nje zikiwa ghafi.

Kwa hiyo twaunga mkono wazo la kujenga kiwanda cha karatasi ya mkonge katika wilaya hizi mbili. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji vya Kisarawe ili ipande mibono ya kutoa mafuta. Ilipofika mwaka 2011 mradi ulikuwa umeanguka. Kazi zikakoma, na ardhi haikurejea vijijini.

Kosa hilo lisirudiwe. Ardhi na ibaki mikononi mwa wanavijiji, wapande mkonge wao wenyewe kwa njia ya ushirika, na kiwanda kiununue. Mkonge huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mkulima hawezi kungoja muda wote huo bila kujua nani atanunua na kwa bei gani. Tena, maji ya mto Ruvu hunywewa na wakazi wa Kibaha na Dar es Salaam. Maji machafu ya kiwanda yasifike mtoni kabla ya kusafishwa.

Twawataka madiwani wa Kibaha na Kisarawe wayaweke masharti haya katika maandishi, yasomwe mbele ya mikutano ya vijiji, kabla ekari ya kwanza haijapimwa.