MFAMASIA SI MWUZA DUKA

Kuna maneno yanayosemwa sana, nayo yasemwa na watu wazima wenye akili zao: kwamba mfamasia ni mwuza duka tu, na kwamba tofauti yake na mwuza sukari ni koti jeupe. Wenye maduka wayasema kwa kuwa yawafaa. Wakubwa wa maofisini wayasema kwa kuwa yawapunguzia kazi. La kusikitisha ni kwamba hata sisi wanachama twayasema, na hali sisi ndio tunaoumia kwayo. Leo twayapinga mbele ya watu wote.

Tuanze na adui ambaye kila nyumba yamjua: malaria. Hadi mwaka 2001 dawa ya kwanza ya kutibia malaria katika Tanzania Bara ilikuwa klorokwini. Vijidudu vikaizoea, ikaachwa. Ikaja SP, nayo haikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 2006 ikabidi tuanze kutibiwa kwa dawa mseto. Dawa mbili zimetutoka mikononi, moja baada ya nyingine, mbele ya macho yetu. Sababu za usugu ni nyingi, walakini mojawapo yatuhusu sisi wenyewe: kumeza nusu ya dozi, kisha kuweka iliyobaki kabatini kwa ajili ya homa ya mwezi ujao.

Dawa mseto hiyo, mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3. Humeza vinne vinne, mara sita. Mara ya pili ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Tena sharti imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, ili mwili uipokee vizuri. Je, mambo haya yameandikwa juu ya kidonge? Mama aliyebeba mtoto mwenye homa, aliyetembea tangu alfajiri, atayajua kwa ndoto? Hapana. Yatakiwa mtu amwambie. Daktari ana foleni inayofika mlangoni. Mtu aliyesomea dawa, anayezijua dawa kuliko mwingine yeyote katika jengo lile, amesimama nyuma ya dirisha. Nasi tumemfanya mhesabu vidonge.

Tazameni jinsi kazi inavyokwenda. Cheti kinaingia dirishani, pakiti inatoka dirishani, neno moja linasemwa: "Mbili mara tatu." Basi, mwingine aje! Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa ana dawa nyingine anazomeza za presha au za kisukari. Hakuna aliyeuliza kama mama ni mjamzito. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twajua kwamba mwalimu asemaye peke yake hajafundisha. Amefundisha pale mtoto anaposema mwenyewe alichoelewa. Dirisha la dawa nalo ni darasa. Mfamasia amwambie mgonjwa jina la dawa yake, kazi yake, kiasi na saa za kumeza, siku za kuimaliza, na mambo ya kujihadhari nayo. Kisha mgonjwa ayarudie kwa kinywa chake. Jambo hili halihitaji mashine wala mkopo wa kigeni.

Tena mfamasia ni jicho la pili. Daktari ni binadamu, na kalamu huteleza. Nukta moja ikikaa pasipo pake, dozi ya mtoto yawa mara kumi. Anayeweza kulikamata kosa hilo kabla halijafika tumboni mwa mtoto ni mfamasia, ikiwa amepewa nafasi ya kusema na daktari yu tayari kumsikiliza. Pale ambapo mfamasia huogopa kurudisha cheti asije akaitwa mjeuri, mgonjwa hana mlinzi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo mwananchi anaponyonywa. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Mfanyabiashara asiye na huruma amelijua hilo, naye hamwulizi mgonjwa kitu. Humpa pakiti ya bei kubwa na kumwambia hii ndiyo nzuri. Kila dawa ina jina lake la kitaalamu, na kampuni huongeza jina lake la biashara. Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni parasetamoli. Parasetamoli ya jina jingine, iliyopimwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yafanya kazi ile ile. Hivi ndivyo ilivyo kwa dawa nyingi za presha, za kisukari na za vidonda vya tumbo. Walakini ikiwa faida ya duka ni sehemu ya bei, basi pakiti ya bei kubwa humletea mwenye duka faida kubwa. Kwa hiyo mtu anayelipwa kwa mauzo ana sababu ya kunyamaza juu ya ile ya bei nafuu. Mfamasia mwaminifu ndiye awezaye kuuvunja ukimya huo, naye tumemweka chini ya mkono wa mwenye duka.

Msidhani hili ni jambo dogo. Mwaka 1997 Afrika ya Kusini, chini ya Rais Nelson Mandela, ilitunga sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Sheria hiyo hiyo ilimtaka mfamasia amweleze mgonjwa habari za dawa isiyo na jina la biashara. Makampuni makubwa ya dawa yalikwenda mahakamani mwaka 1998. Kampuni 39 zilisimama dhidi ya serikali ya watu waliokuwa wakifa kwa UKIMWI! Dunia ikapiga kelele, na mwezi Aprili 2001 kampuni zikaondoa kesi yao kwa aibu. Mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya Bara Hindi ilitangaza kuuza dawa za UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, ambapo dawa za aina hiyo huko Ulaya na Marekani zilipita dola 10,000. Wakubwa wa biashara walijua vizuri ulimi wa mfamasia una nguvu gani. Mbona sisi hatujui?

Wapo watakaotujibu: "Maneno mazuri, lakini fedha hakuna. Kumlipa mfamasia akae na kila mgonjwa ni anasa." Hoja hii ina majibu. Katika mji wa Asheville, Marekani, katika miaka ya 1990, halmashauri ya mji iliwalipa wafamasia wakutane mara kwa mara na watumishi wake wenye kisukari, wawafundishe na kuwapima. Gharama ya dawa ilipanda, maana watu walianza kuzimeza kama inavyotakiwa. Lakini jumla ya gharama za matibabu ilishuka, na siku za kukosa kazi zikapungua. Ikiwa nchi ya kitajiri iliona haja ya kubana matumizi kwa njia hiyo, sisi maskini tutasemaje kwamba hatuimudu? Anayekataa kulipa mshauri leo atalipa kitanda cha hospitali kesho, na kesho kutwa atalipa mguu uliokatwa.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Twaiunga mkono. Walakini twaonya: mfuko wa bima ambao dawa zake hazina msimamizi ni gunia lililotoboka. Kila dawa isiyohitajika na kila pakiti ya bei ya kupita kiasi itachotwa humo, na mwananchi ndiye atakayeambiwa aongeze mchango.

Liko tena jambo la aibu ambalo wengi walijua na hawalisemi. Yako maduka ambayo cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani, na mfamasia mwenyewe hayupo. Amekodisha jina lake kwa ada ya mwezi, na nyuma ya meza amesimama kijana ambaye hakufundishwa. Hawa twawaita kwa jina lao: kupe. Mwenye duka ni kupe, na msomi aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima kisha akaiuza sahihi yake ni kupe mwenzake.

Huko vijijini hali ni nyingine. Wafamasia ni wachache, na mwananchi hutegemea duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kwa kuwafundisha watoa dawa. Kazi yao twaiheshimu. Lakini mtoa dawa asiachwe peke yake kama kisiwa. Awe na mfamasia wa wilaya anayefika, anayemkagua na kumfundisha.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Bei za dawa zibandikwe ukutani, na mgonjwa aambiwe kama ipo ya bei nafuu. Duka lisilo na mfamasia lisijiite famasi. Mfamasia alipwe kwa ushauri wake, wala asilipwe kwa wingi wa pakiti alizouza. Na katika kila hospitali awe na kiti mezani pale tiba zinapopangwa.

Nawe, mwanachama, usingoje serikali peke yake. Ukifika dirishani usiondoke kabla hujauliza: "Hii ni dawa gani? Naimeza vipi? Ipo ya bei nafuu?" Ukiambiwa uache maswali, uliza tena. Na matawi yaweke jambo hili katika mkutano wao ujao, yamwalike mfamasia wa wilaya aje aeleze, na wananchi wamwulize bila woga.