Kapi la Mahindi na Kioo cha Jicho

Ametuuliza mama mmoja wa Moi's Bridge, ambako mwisho wa mwaka ni msimu wa kupukuchua mahindi, juu ya mwanawe aliyeingiwa na kapi jichoni. Siku ya tatu jicho lingali jekundu, na jirani amshauri amkamulie maziwa ya mama. Tumekwisha kumjibu kwa simu: asimtie kitu, ampeleke kwa tabibu wa macho siku hiyo hiyo. Kitale na Eldoret zote zi katika barabara yao. Sababu zake twawaandikia nyote.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwororo usio na rangi, ambao hukunjika ukarudi kuzivika kope kwa ndani. Kwa mkunjo huo, kilichoingia jichoni hakiwezi kupotelea nyuma, kama wengi wanavyohofu. Mbele ya mboni iko konea, kioo chenye unene wa nusu milimita hivi. Matabibu wa Kiarabu waliiita qarniyya, kwa kuifananisha na pembe iliyochongwa hata ikapenya nuru. Haina mshipa hata mmoja wa damu, kwani damu ingeiziba nuru hiyo; hewa yake huipata kwa machozi, ambayo kope huyatandaza kila tupepesapo. Bali mishipa ya fahamu imejaa tele, ndiyo sababu chembe ya vumbi huuma mithili ya jiwe.

Ngozi ya juu ya konea ikikwaruzwa, aghalabu hupona kwa siku chache bila alama. Jeraha likizama, likaingiwa na kuvu watokao kwenye mimea, huacha kovu jeupe. Nalo likiwa katikati, ni dirisha lililopakwa chokaa. Maziwa hayakusafishwa vijidudu, wala majani yaliyopondwa. Baadhi ya wanja wa dukani una risasi. Hata dawa ya matone iliyobaki kwa jirani isitumike, maana baadhi ina steroidi, nayo huwapa kuvu nguvu.

Kapi likiingia, msilifikiche jicho. Liosheni kwa maji safi mengi, lililokwama msilichokoe. Maumivu yakibaki, au kuona kukififia, nendeni hospitali bila kungoja kesho.

Na wanaouliza habari ya udhu: kuosha ndani ya jicho si wajibu. Tabibu akikataza maji yasifike usoni, mgonjwa ana ruhusa zake, amuulize imamu wa karibu. Wapukuchuaji nao wavae miwani ya kinga, na watoto waokotao magunzi wakae mbali na mdomo wa mashine.