Tusinunue spea kwa kubahatisha

Gari lililotembea kilomita 200,000 halimfilisi mwenyewe kwa uzee tu. Kinachomfilisi zaidi ni kununua spea kwa kubahatisha. Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikaonyesha msimbo P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi, basi. Haijasema koili imekufa. Kwa injini ambayo kila silinda ina koili yake, zima injini ipoe, badilishana koili ya kwanza na ya pili, futa msimbo huo, kisha endesha. Ikija P0302, yaani tatizo limehamia silinda ya pili, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0301, geukia plagi, nozeli au kompresheni. Jaribio hilo halikugharimu spea hata moja.

Watasema hiyo ni kazi ya fundi. Kweli, breki na mifuko ya hewa tumwachie yeye. Lakini hata fundi hodari, akiambiwa tu kwamba gari halivuti, mara nyingi huanza kwa kukisia, na kila kisio hulipiwa na mwenye gari. Mpelekee majibu ya vipimo: hujamnyang'anya kazi, umempunguzia sababu ya kukisia.